Moza Ameniwakilisha Chuoni

Mtaa wa Mchikichi,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
Agosti, Jumanne.

Dada yangu mpenzi Salma,

Shikamoo. Assalaam alaikum, wewe na shemeji na watoto wote hapo Tanga, na Mwenyezi Mungu awazidishie afya. Goti lako linaendeleaje? Ulipoondoka hapa baada ya khitma ulikuwa unashuka ngazi kwa upande upande, na nilipokuuliza kwenye simu ukanijibu kwamba limepona, kwa ile sauti yako ya mtu asiyetaka kuulizwa. Nenda hospitali ukaonyeshe, usikae na mafuta ya karafuu tu. Mimi mwili wangu hauna neno. Nakula, nalala, nasali. Ukiniuliza habari za moyo, hapo ndipo barua hii inapoanzia.

Najua utashangaa kupata barua zama hizi za simu. Nimempa mke wa Idrisa, anakuja huko kwenye harusi ya mpwa wake. Simu haifai kwa jambo hili. Nyumba hii unaijua. Nikianza tu kuzungumza, mama mkwe wangu anakuja kukaa kitandani kwangu ili naye akusalimie, na akishakaa haondoki. Nikikuandikia anadhani nafanya hesabu za kumlipia marehemu saumu, ananiacha.

Siku za msiba nilikwambia kuna kitu kimenipita, nikashindwa kukueleza kwa aibu, maana nani anazungumzia mambo kama hayo mume wake yuko bado sebuleni amefunikwa? Sasa nakueleza. Kuna chuo pale Posta ambacho kila likizo ya Julai huendesha mihadhara ya utangulizi wa sayansi. Anaruhusiwa yeyote aliyemaliza kidato cha nne, hata awe bibi. Leo kemia, kesho miamba, keshokutwa nyota, siku nyingine bahari au mwili wa binadamu. Mtihani hakuna. Wahadhiri wanaangalia tu nani anauliza nini, na mwisho wa mihadhara wanamchagua mtu mmoja akasome bure kozi ya mwaka mzima ya matayarisho, ile inayomwingiza mtu chuo kikuu hata kama matokeo yake ya zamani hayakutosha. Hashimu alizisikia habari hizo kazini kwake bandarini, akaja kunisimulia viatu hajavua. Unajua kwamba tangu Baba aliponitoa shule baada ya kidato cha nne ili niolewe naye, Hashimu alikuwa na dukuduku kana kwamba yeye ndiye aliyeninyang'anya madaftari. Alikwenda mwenyewe kuniandikisha. Akasema siku ya kwanza atanisindikiza hadi mlangoni, watu waone mke wake anaingia chuo.

Halafu akafa. Moyo, ghafla, mwezi wa sita, wiki chache kabla ya mihadhara kuanza. Nikavaa nguo nyeupe, nikaingia eda.

Dada, mimi eda siichukii, na mume wangu anastahili kila siku yake. Lakini kutoka dirishani kwangu nikiinama naona barabara inayokwenda Posta. Nilimwomba mama mkwe wangu, Bi Chiku, aulize kama inafaa nitoke mchana tu nirudi. Bi Chiku akamwuliza Ustadhi Abdulhamid. Ustadhi akasema mjane anaweza kutoka mchana kwa haja, na kama hii ni haja au si haja, familia ikae iangalie. Familia ni Bi Chiku. Alikaa, akaangalia, akasema haja ni hospitali.

Lakini hakutaka nikose kabisa, kwa sababu lilikuwa jambo la mwanawe. Ndipo akaleta wazo la Moza aende kuniwakilisha. Na wewe usicheke, maana ungekuwepo ungekubali. Si ndivyo tunavyoishi? Harusi ikigongana na msiba, mmoja anakwenda huku na mwenzake kule. Kikao cha ukoo, chama cha akina mama, mahafali, hata kumwona mgonjwa, kote mtu anawakilishwa, na sahani yake ya pilau inaletwa nyumbani imefunikwa. Tuliona ni jambo la kawaida kabisa. Moza ataketi kwenye kiti changu, jina langu likiitwa ataitika, na jioni ataniletea mhadhara.

Moza unamkumbuka, yule wifi yangu mdogo aliyekuwa akigawa kahawa msibani huku anatazama simu. Alimaliza kidato cha nne mwaka juzi, matokeo yakawa ya kufichwa kabatini, na tangu hapo kazi yake ni kuamka. Siku ya kwanza nilimsubiri kama ninavyosubiri adhana ya magharibi mwezi wa Ramadhani. Akarudi, akajitupa kwenye mkeka, akanieleza kwamba mhadhiri wa kemia ni mwembamba, amevaa shati la mikono mirefu na joto lote lile, kiyoyozi kimekufa, na sambusa zilikuwa za viazi. Nikamwuliza amefundisha nini. Akafikiri sana. Akasema amefundisha vitu, kwamba vitu vyote vimetengenezwa na vitu vidogo vidogo. Nikamwuliza vidogo vya namna gani, vinashikanaje, akasema hayo hakuyafuatilia.

Siku ya miamba alisinzia. Siku ya nyota walizima taa, kwa hiyo akasinzia vizuri zaidi. Nilimsema, Dada, nilimsema mpaka Bi Chiku akaja kusimama mlangoni. Moza akanijibu kwa upole kabisa kwamba yeye alitumwa kukaa, hakutumwa kusikiliza. Nililia siku ile, na wanawake waliokuja kunitazama wakanipa pole ya mume. Nikaipokea. Ningewaambia nini, kwamba ninalilia miamba?

Ikabidi nitafute njia. Nikawaza kwamba mtu akiuliza swali hulazimika walau kusubiri jibu. Kwa hiyo nikaanza kumtuma na maswali. La kwanza lilikuwa la udi. Jirani yetu wa chini anafukiza kila Alhamisi, na mimi kwa eda yangu sigusi hata sabuni yenye harufu, lakini udi wake unapanda hadi kitandani kwangu na dirisha nimelifunga. Nikamwambia Moza mhadhiri wa kemia akirudi kwa kipindi chake cha pili amwulize: kilichonifikia puani ni udi wenyewe, au ni habari zake tu? Akarudi akasema mhadhiri amefurahi mno na jibu ni udi wenyewe, vipande vyake vidogo visivyoonekana, vinagongana na hewa hadi vinafika. Nikasikitika kidogo kwamba kumbe nimekuwa nikijifukiza bila kukusudia, lakini nilifurahi pia, furaha ya kwanza tangu Hashimu aondoke.

Nikamtuma na la pili. Hashimu alipokuwa akinichukua kuvuka Magogoni kwenda kwa shangazi zake Kigamboni, kila mara nilikuwa nikijiuliza kwa nini bahari inajaa na kupwa mara mbili kwa siku ilhali mwezi ni mmoja. Mhadhiri wa fizikia, kwa maelezo ya Moza, aliweka chaki chini, akacheka, akaacha somo lake na kutumia muda wote uliobaki kwa swali hilo. Na jioni ile Moza hakujitupa kwenye mkeka. Alikwenda jikoni, akaja na beseni la maji na machungwa, akaanza kunionyesha dunia iko wapi na mwezi uko wapi, maji yanavutwa zaidi upande ulio karibu na mwezi, na upande wa pili yanabaki nyuma. Alilowesha mkeka wote. Nilielewa, Dada. Nilielewa kila kitu.

Ungedhani hapo matatizo yangu yamekwisha. Hapo ndipo yalipoanza. Moza akaanza kuchelewa kurudi, eti amepitia maktaba yao. Akaanza kusema sisi: sisi leo tumejadili, sisi hatukukubaliana na mhadhiri. Nikimpa swali asubuhi, ananiambia hilo wameshalipita. Siku moja nilikuwa namweleza Bi Chiku kwa nini maji ya bahari yana chumvi, na Moza akanisahihisha kutoka jikoni, sufuria mkononi, na alikuwa sahihi. Nilitabasamu. Moyoni nilitaka kumrushia kiatu. Kiti changu, jina langu, maswali yangu, na sasa mtoto aliyekuwa akisinzia ananisahihisha mimi niliyefungiwa ndani na hamu yangu. Kule chuoni watu walikuwa wakimwita Waridi na yeye anageuka. Alinisimulia hilo akicheka, kwamba siku hizi akiitwa Moza mtaani hashtuki, akiitwa Waridi anashtuka. Sikuona cha kuchekesha.

Mihadhara ikaisha. Jumamosi iliyopita, baada ya adhuhuri, mlango ukagongwa, akaingia mwanamke wa Kihindi wa makamo na mfuko wa matunda. Alikuwa Daktari Hemlata, mhadhiri wa biolojia, kwao ni pale Kisutu, na Kiswahili chake ni cha mjini kuliko changu. Moza alimwambia nyumbani kuna msiba wa kaka, kwa hiyo alivua viatu, akaketi kwenye mkeka, akampa pole Bi Chiku kwa mwanawe, akanipa na mimi pole kwa mume, bila kuniuliza jina, maana mjane haulizwi. Akanywa chai. Kisha akamwambia Bi Chiku kwamba amekuja kwa adabu zote kuwaomba wazee ruhusa. Wahadhiri wamekaa, nafasi ya kozi ni moja, na wote wamemkubali binti yao, Waridi. Akamwonyesha Moza kwa kiganja.

Bi Chiku akaanza kukohoa. Moza akatazama mkeka. Mimi nikasema Waridi ni mimi.

Nilimweleza yote, ya Hashimu, ya eda, ya Moza kuniwakilisha. Alituangalia mmoja mmoja. Akasema yeye amezaliwa hapa mjini, amewakilisha watu na amewakilishwa kwenye misiba na harusi kupita kiasi, lakini hajapata kusikia mtu anawakilishwa kwenye mhadhara. Hakusema kwa hasira, na hilo lilinitia aibu zaidi. Akamwuliza Moza, basi maswali yale yote ni ya nani? Moza akajibu haraka kwamba ni ya wifi yake, yeye alikuwa anayapeleka tu.

Daktari akanigeukia. Akaniuliza lile la udi. Nikamwambia ni langu, nikamweleza lilikotoka. La maji kujaa na kupwa? Langu, nikamweleza Magogoni na Kigamboni. Dada Salma, sijui nikueleze vipi. Kwa muda wote huu watu wamekuwa wakizungumza nami kana kwamba mimi ni sanda. Yule mama alikuwa ananisikiliza, anauliza, ananipinga, na mimi namjibu. Niliona uso wake unabadilika, nikajua nafasi imerudi kwangu. Kozi inaanza mwezi wa kumi na moja, eda yangu itakuwa imekwisha.

Kisha akasema, na lile la kovu, lililonifanya nije hapa mwenyewe, ulilipataje?

Mimi swali la kovu sikulijua. Daktari alikuwa anaendelea kulieleza kwa furaha, akidhani ananikumbusha. Alifundisha kwamba ngozi ya mtu inakufa na kujijenga upya kila mara, na Moza akanyoosha mkono akauliza, kama ngozi hii si ile ya zamani, kovu linabakije? Akasema amefundisha miaka mingi na hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo kwenye utangulizi, na kwamba ilibidi akapange upya mhadhara wake wa mwisho. Nikamtazama Moza. Alikuwa anavuta mkono wa gauni lake kufunika pale alipomwagikiwa na mafuta ya maandazi alipokuwa mdogo. Wewe umeliona kovu lile. Mimi mwilini sina hata alama ya chanjo.

Moza akasema, bila kuinua macho, kwamba hilo nalo ni la wifi.

Nikanyamaza. Nilinyamaza kama mwari anayeulizwa kama ameridhia, na kunyamaza kwangu kukachukuliwa vivyo hivyo. Daktari akanipongeza, akasema ofisini atasema ukweli kuhusu eda na atalipigania jina langu, Jumatatu mchana atalipeleka. Akavaa viatu, akaondoka. Bi Chiku akamsindikiza hadi chini.

Sasa nikuungamie, maana ndicho kilichonifanya nikuandikie. Najua unatarajia nikwambie kwamba sikupata usingizi. Nililala vizuri sana, Dada. Nililala usingizi mzito kuliko siku yoyote tangu Hashimu afe. Nilijiambia maswali mawili ni yangu kweli, na bila mimi Moza angekuwa bado anasimulia sambusa. Nilijiambia yeye ni mdogo, ana miaka mingi mbele, mimi nafasi yangu ni hii. Moza alipika, akaniletea chakula, na mimi nikala.

Jumapili alasiri nikamwita anieleze jibu la lile swali, kwa sababu niliona chuoni wataniuliza na lazima nilijue. Yaani nilimwita mwenye mali anifundishe namna ya kuivaa. Akaja, akaketi, akaeleza vizuri, kwamba kovu limeingia chini, ndani zaidi kuliko ngozi inayobadilika, na kule chini mwili unajenga kwa kufuata kilichopo, na kilichopo ni kovu. Kisha akasahau kwamba ananifundisha. Akapandisha mkono wa gauni, akawa anajitazama, akasema kuna jambo haliingii akilini: alipoungua kovu lilikuwa dogo, Bi Chiku mwenyewe anasema lilifunikwa na kidole gumba, na sasa ni refu kama kiganja. Limekuwa pamoja naye. Nani analiambia likue? Midomo ikawa inachezacheza, yuko mbali kabisa na mimi. Halafu akashtuka, akashusha mkono wa gauni, akaniambia hilo nalo naweza kwenda nalo.

Hakunisema kwa kijembe. Kingekuwa kijembe ningekivumilia.

Jana Jumatatu asubuhi nikampigia Daktari Hemlata. Nikamwambia swali la kovu si langu, na kwamba lipo lingine nyuma yake bora zaidi, na aliyeuliza yote mawili ni Moza. Nikamwambia nilinyamaza kwa kutaka. Akasema hajui wakubwa wake watalipokeaje jambo hili la majina, lakini atalipeleka la Moza na maelezo yote, na mimi nijiandikishe upya Julai ijayo kama mtu mwingine yeyote. Alasiri akapiga kusema wamekubali kwa shingo upande.

Na wala usifikiri kwamba hapa nyumbani kuna shukrani. Moza amenikasirikia. Anasema alitoa kwa moyo mmoja, kwa ajili ya kaka yake, na mimi nimemrudishia kama aliyenipa kitu kibovu. Amejifungia chumbani, kisha akatoka kuniuliza kama naona ni vyema aanze kusoma kemia mapema, kisha akakumbuka kwamba amekasirika akarudi ndani. Bi Chiku, aliyesema haja ni hospitali, tangu jana anapiga simu ukoo mzima kwamba Moza ameingia chuo, na leo asubuhi ametuma ashonewe buibui jipya. Mimi ameniita mjinga, mara moja, kwa mapenzi.

Ukizisikia habari hizi kwa watu watakwambia Waridi ni mkarimu. Nakuomba usiwaitikie. Sikufanya ukarimu wowote. Nina hasira na Moza kwa kuwa bora, nina hasira na mama mkwe, nina hasira hata na Hashimu kwa kufa mwezi wa sita badala ya wa nane, na hilo la mwisho sijamwambia mtu ila wewe. Nafasi ile niliitaka na bado naitaka. Nilishindwa tu kuwaza nimekaa darasani mwaka mzima, Daktari ananionyesha kwa wenzangu kama mtu wa swali la kovu, na mimi naitika.

Eda ikikaribia kuisha nitakujulisha siku, uje uniogeshe wewe, sitaki mtu mwingine. Uje na siku za ziada, maana nataka unisindikize pale chuoni Posta nikaulize namna ya kujiandikisha Julai. Wasalimie shemeji na watoto, na yule mdogo mwambie asiache kuuliza uliza hata mkimchoka. Bi Chiku anakusalimu, na Moza anakusalimu kupitia mlango. Lishughulikie goti.

Ni mimi mdogo wako,
Waridi mwenyewe.